Tundu Dogo la Kinenani

"Sista, ni hapo tu?"

Kijana alikuwa ameinua kichwa akijaribu kuona kinena chake, nami nikamrudisha chini kwa mkono mmoja, maana wa pili haukuwa na nafasi. Vidole vyangu vitatu vilikuwa vimebana mshipa wake wa paja, juu kidogo ya pale ngozi ilipotobolewa, na kwa saa ya ukutani nilikuwa nimebana dakika 9. Zilibaki si chini ya 6. Nilihisi mapigo yake yakigonga chini ya vidole, na ndivyo nilivyotaka: kubana kiasi cha kuzuia damu isitoke, ila nisiukatie mguu mzima damu. Muda wa saa moja na nusu kabla ya hapo wengu wake ulikuwa umepasuka na kumwaga damu tumboni. Sasa kilichoonekana kwa nje ni kitundu cha upana wa punje ya mchele. Hakuna mshono wala bomba.

"Ni hapo tu," nikamjibu.

"Basi kesho nitakuwa nyumbani."

Nimefanya kazi ya uuguzi katika chumba cha angiografia, yaani picha za mishipa ya damu, kwa miaka 14, na maneno hayo nimeyasikia kwa sauti nyingi: za wagonjwa, za ndugu zao, za wenzangu wa wodini, hata za madaktari. Watu hupima ugonjwa kwa ukubwa wa kidonda. Wakiona tumbo limefungwa bandeji kutoka kifuani hadi chini ya kitovu, watanong'ona, watasogeza kiti karibu na kitanda, watahesabu siku. Wakiona kipande cha plasta kinenani wanauliza ataruhusiwa saa ngapi. Ninayoyaandika hapa nimejifunza kwa kukaa karibu na vitundu hivyo, na baadhi yake niliyajua nikiwa nimechelewa.

Nieleze kwanza kazi yenyewe. Mtu akigongwa na gari, akianguka kutoka juu au akibanwa na usukani, mishipa ya ndani ya tumbo inaweza kuchanika huku ngozi haionyeshi zaidi ya mchubuko. Zamani njia ilikuwa moja: kulifungua tumbo, kutafuta panapovuja, kufunga au kukata. Njia hiyo ipo mpaka leo na inaokoa watu kila siku. Sisi tunapita ndani ya mshipa. Daktari anatia ganzi kinenani, anachoma sindano mpaka kwenye ateri ya paja, mshipa unaoleta damu kutoka moyoni, anapitisha waya laini ndani ya sindano, anaitoa sindano, kisha anausukuma mrija kwa kuufuatisha waya. Sven-Ivar Seldinger, daktari wa mionzi wa Sweden, aliieleza njia hiyo mwaka 1953, na kila mgonjwa ninayempokea bado anaanza kwa hatua zilezile. Mrija wetu wa kawaida hauzidi milimita 2 kwa unene. Ule mwembamba unaopita ndani yake kwenda kwenye matawi madogo hata milimita 1 haufiki.

Kutoka kinenani mrija unapanda hadi kwenye aota, mshipa mkuu unaotoka moyoni, kisha unageuzwa uingie kwenye mshipa unaolisha wengu na ini, au wa utumbo, au wa figo. Hapo inasukumwa dawa ya rangi yenye ayodini, na kwenye kioo cha mashine mshipa mzima unatokeza kama mti uliopukutisha majani. Panapovuja, dawa inatoka nje ya tawi na kutanda kama tone la wino kwenye maji. Mara ya kwanza kuliona tone hilo nilidhani kioo kina kasoro, nikataka kukifuta.

Kwa kijana yule tone lilikuwa kwenye tawi moja la chini la wengu. Daktari alilifuata mpaka karibu kabisa na penye ufa, akaachia koili 2. Koili ni uzi wa platinamu wenye vinyweleo. Ukiwa mrijani umenyooka, ukitoka unajikunja kama springi na kukaa hapo. Kwa wengu kuna njia mbili, na nimewasikia madaktari wakibishana juu yake hadi chai ikapoa. Moja ni hiyo, kufuata tawi linalovuja na kuliziba peke yake. Ya pili ni kuziba shina lenyewe kabla halijagawanyika. Ukiisikia kwa mara ya kwanza utasema wengu si utakufa? Kwa kawaida haufi, kwa sababu damu inaendelea kuufikia kupitia mishipa midogo ya jirani, ya mfuko wa chakula na ya kongosho. Kinachopungua ni msukumo wa damu, na msukumo ukipungua ufa unapata nafasi ya kuganda na kupona.

Na kuna sababu ya kuuhangaikia wengu hivyo. Aliyeondolewa wengu anaishi, lakini maisha yake yote yuko wazi zaidi kwa maambukizi makali ya damu, ndiyo maana hupewa chanjo za vijidudu vya nimonia na vya homa ya uti wa mgongo na kuambiwa asiipuuze homa yoyote. Wengu ulionusurika kwa kuzibwa mshipa, mara nyingi unaendelea na kazi yake ya kinga. Daktari Salvatore Sclafani wa Marekani aliandika juu ya njia hii kwa majeruhi wa wengu mwaka 1981, na miaka 9 kabla yake, mwaka 1972, ilikuwa imekwisha kuandikwa kuhusu kuziba mishipa ya nyonga zilizovunjika. Kwa hiyo jambo hili si geni kama wengi wanavyodhani. Kigeni ni mazoea ya kulifanya usiku wa manane, mgonjwa akiwa bado anavuja.

Mazoea hayo ndiyo yaliyonifundisha kuhusu baridi.

Chumba cha angiografia ni cha baridi. Mashine zinatoa joto jingi na zinataka hewa ipozwe, na sisi tunaovaa aproni za madini ya risasi za kuzuia mionzi tunaifurahia hiyo hewa. Majeruhi analetwa uchi chini ya shuka, ameloa, amekwisha poteza damu, anatiwa maji ya dripu ya joto la chumba, analazwa kwenye meza ngumu kwa saa nzima. Nilichukua muda kuelewa kwamba koili haizibi mshipa yenyewe. Koili ni kama vijiti vilivyotupwa mtoni. Kinachoziba ni damu ya mgonjwa inayoganda kwenye vinyweleo vyake. Mtu akipoa, damu inakataa kuganda. Damu ikijaa asidi kwa kukosa hewa, hali inakuwa mbaya zaidi, na ukimwongezea damu ya benki bila kumrudishia kalsiamu unazidisha, maana dawa inayozuia damu isigande kwenye mfuko inashika kalsiamu ya mwilini mwake.

Nakumbuka mgonjwa mmoja wa nyonga ambaye daktari alimwekea koili 4 mahali panapofaa kabisa, na dawa ikaendelea kupita katikati yake kana kwamba hakuna kitu. Daktari akaomba ya tano. Mtaalamu wa usingizi, mama mpole ambaye hakuwa akipandisha sauti, akasema: "Joto lake ni 33.8. Unajenga ukuta bila saruji." Tukamfunika kwa blanketi la hewa ya moto, tukapitisha damu kwenye kifaa cha kuipasha, tukampa kalsiamu na plazma, tukabadilisha koili kwa sponji ya jelatini. Sponji hiyo naikata mimi kwa mkasi, vipande vidogo kama vya tambi, kisha vinachanganywa na dawa ya rangi kwa kusukumana kati ya bomba mbili za sindano zilizounganishwa na koki ya njia tatu, huku na huku, mpaka inakuwa kama uji mzito. Inayeyuka yenyewe ndani ya wiki chache, mshipa ukiwa umekwisha pona. Tangu usiku ule, kabla mgonjwa hajafika, nawasha blanketi kwanza, seti ya vifaa baadaye. Na asidi ya traneksamiki, dawa inayozuia donge la damu lisiyeyuke, nauliza kama amepewa na saa ngapi, kwa sababu utafiti mkubwa uliotolewa mwaka 2010, wenye majeruhi zaidi ya 20,000, ulionyesha kwamba inapunguza vifo, na yaliyofuata yakaonyesha kwamba faida hiyo haipo tena zikipita saa 3 tangu ajali.

Lakini usiku ninaoukumbuka kuliko yote ulitangulia hayo. Ilikuwa hospitali nyingine, miaka yangu ya mwanzo. Mwanamume wa makamo, alikuwa amefunga mkanda kwenye gari lililogongana uso kwa uso na jingine. Mkanda ulimwachia alama ya zambarau iliyokatisha tumbo chini ya kitovu. Alifika namba ya juu ya presha yake ikiwa imeshuka hadi 80. Akatiwa mifuko 2 ya damu, presha ikapanda hadi 110, na kila mtu akashusha pumzi. Akapelekwa CT, mashine ya picha za ndani ya mwili. Picha ikaonyesha damu tumboni, na dawa ikivuja kwenye utando unaoshikilia utumbo. Chumba cha upasuaji kilikuwa na mgonjwa mezani. Chetu kilikuwa wazi, timu imekamilika, taa zinawaka. Akaletwa kwetu.

Nilimpokea mlangoni. Tumbo lilikuwa gumu kama ubao, na nilipomgusa kidogo tu alikunja uso wote. Nilijua maana yake. Tumbo gumu namna ile baada ya ajali linaashiria utumbo uliotoboka, na hakuna koili duniani inayoziba utumbo. Vidole vyake vilikuwa vya baridi, kucha zimepauka. Presha ile ya 110 haikuwa yake, ilikuwa ya damu tuliyomtilia. Haya yote niliyaona. Lakini nilikuwa mgeni, na waliokizunguka kitanda walikuwa na vyeo kuliko mimi, nikanyamaza nikafungua seti.

Mrija ulichukua dakika 25 kufika ulipotakiwa. Kabla dawa haijasukumwa mara ya pili presha ikashuka hadi 60, na mtu ambaye alikuwa ananiuliza kama mkewe amejulishwa akaacha kuuliza. Tulimkimbiza kwenye upasuaji, meza ikiwa imepatikana wakati huo. Walikuta utando umechanika na utumbo umetoboka mahali pawili. Alifia mezani.

Hakuna aliyenilaumu, na kikao kilichofuata kilizungumza juu ya "changamoto za nafasi". Mimi nilijua tulichokosea. Tulimpeleka mtu mahali palipokuwa wazi badala ya mahali alipostahili. Chumba kuwa wazi hakumwambii mtu yeyote mgonjwa ana nini. Anayepanda presha kwa damu kisha anashuka tena anavuja kwa kasi kuliko unavyomtilia, na kama tumbo lake limekuwa gumu anahitaji kisu, hata kama itabidi mpasuaji wa pili aitwe kutoka kitandani kwake na meza ifunguliwe chumba kingine. Njia yetu ni ya mtu aliyetulia, au anayetulia akipewa damu na akabaki hivyo, na ambaye CT imeonyesha mshipa wa kufuatwa. Zipo hospitali zenye chumba kimoja chenye vyote viwili, meza ya upasuaji na mashine ya angiografia juu yake, na huko mgonjwa hahamishwi. Sehemu nyingi hazina.

Sasa nina swali ninaloliuliza mlangoni kila mara, kwa sauti, awepo nani au nani: "Presha hii ni yake, au ni ya damu tuliyompa?" Wapo waliokerwa nalo. Daktari mmoja kijana aliniambia siku moja, "Sista, hilo ni swali la kwetu." Nikamwambia, "Ndiyo daktari, ndiyo maana nakuuliza wewe." Alisimama, akamwangalia mgonjwa upya, akageuza kitanda kuelekea upasuaji. Mgonjwa yule aliishi. Sijui kama angeishi kwetu.

Baadaye likaja puto. Unalipitisha kinenani kama mrija mwingine, unalijaza ndani ya aota, na damu haishuki tena chini yake. Moyo na ubongo vinabaki na kidogo kilichopo. Wazo ni la tangu vita vya Korea, daktari wa jeshi la Marekani aitwaye Carl Hughes aliliandika mwaka 1954. Lilipofika kwetu lilipokelewa kwa furaha kubwa, na nilielewa kwa nini: kuona presha ya 50 ikiruka hadi 100 ndani ya dakika moja kunamfanya mtu aamini muujiza. Ila kila kilicho chini ya puto kimekabwa. Ukilijaza juu, karibu na kifua, ini, utumbo na figo vyote vinakosa damu, na inatakiwa lisizidi nusu saa. Kazi yangu ikawa kutaja dakika. Kumi. Kumi na tano. Ishirini. Nilijifunza kuzitaja kwa sauti kubwa hata pale daktari alipokuwa amekunja uso, kwa maana mtu akitafuta mshipa anapotea ndani ya kioo. Kisha mwaka 2023 yakatoka matokeo ya utafiti wa Uingereza wa majeruhi 90: katika kundi la puto 54% walikuwa wamefariki ndani ya siku 90, kundi la matibabu ya kawaida 42%. Utafiti ulisimamishwa kabla ya muda wake. Mimi sikushangaa sana. Nilikuwa nimeona muda unavyopotea katika kuliweka, dakika ambazo mpasuaji angekuwa tayari ndani ya tumbo.

Kwa upande wa ini, somo langu ni la mama mmoja aliyegongwa akivuka barabara. Wapasuaji walimfungua kwanza, wakakuta ini limepasuka vibaya, wakalibana kwa vitambaa pande zote na kumleta kwetu tumbo likiwa limefunikwa tu, halijafungwa. Vitambaa vinabana vizuri vena, mishipa yenye msukumo mdogo wa damu; ateri iliyo ndani kabisa ya nyama ya ini haijali vitambaa. Tukaiziba. Ini linavumilia kuzibwa ateri kwa sababu kama robo tatu ya damu yake inaletwa na vena inayotoka kwenye utumbo. Usiku ule nilimwona mpasuaji mkuu akisimama nyuma ya kioo chetu kwa saa nzima akiwa bado na kofia yake, na daktari wetu akimwonyesha kila tawi kabla ya kuligusa. Hakukuwa na wa kusema mgonjwa ni wangu.

Damu ilikoma. Siku ya 6 homa ikapanda, macho yakaanza kuwa manjano. Nyongo ilikuwa inavuja na kujikusanya chini ya ini, na kipande cha ini kilichokosa damu kilikuwa kimekufa. Aliwekewa bomba kwa kuongozwa na ultrasaundi, akapewa antibayotiki, akakaa nasi wiki 7. Mumewe aliniuliza zaidi ya mara moja kwa nini, ikiwa damu ilikoma usiku uleule. Nilimweleza kwamba tulichosimamisha ni kifo, na kwamba kupona ni kazi nyingine inayoanzia hapo. Ningemwambia hivyo siku ya kwanza, angebeba zile wiki kwa uzito mdogo zaidi.

Figo sina mengi: mishipa yake haina ya akiba, ukiziba tawi sehemu inayolishwa nalo inakufa, kwa hiyo daktari anasogea mbali iwezekanavyo ili kupoteza kipande kidogo na kuokoa kilichobaki. Mshipa mkuu wa utumbo hauzibwi kabisa. Unawekewa stenti, kijibomba cha waya kilichovikwa kitambaa, ambayo inafunika ufa kwa ndani huku damu ikiendelea kupita. Aota nayo ni hivyohivyo pale ufa unapokuwa mkubwa. Ule mdogo wa utando wa ndani pengine unaachwa, mgonjwa anadhibitiwa presha na kupigwa picha tena na tena.

Kinena ndicho kilichonifundisha unyenyekevu. Bibi mmoja tulimziba mishipa ya nyonga jioni, kazi ikaenda vizuri, nikabana mwenyewe dakika 20, nikampeleka wodini. Saa 6 usiku muuguzi wa zamu, binti ambaye hakuwa na mwaka kazini, akanipigia simu.

"Dada, yule bibi analalamika mgongo."

"Plasta ikoje?"

"Kavu. Safi kabisa."

Mtu aliyevunjika nyonga kulalamika mgongo ni jambo la kutarajia, na nilikuwa karibu kumwambia ampe dawa ya maumivu. Akaongeza mwenyewe: "Lakini mapigo yalikuwa 84 saa 3, sasa ni 118. Na presha ni 95. Na anasema tumbo la chini upande wa kulia linamvuta."

Nilipanda ngazi mbio. Plasta ilikuwa kavu kweli. Niliweka kiganja juu ya kinena, laini. Nikakisogeza juu, kuelekea kwenye mfupa wa nyonga, hapo nikakuta pamejaa na pamekaza. Sindano ilikuwa imechoma juu mno, juu ya ule ukano unaokatisha kinena. Chini ya ukano kuna mfupa, na kidole kinaweza kuubana mshipa juu ya mfupa; juu yake hakuna mfupa, damu inakimbilia nyuma ya tumbo, kwenye nafasi inayoweza kumeza lita kadhaa bila tone kuonekana. Nilikuwa nimebana dakika 20 mahali pasipobanika. CT ikathibitisha, akarudi mezani, daktari akapita upande wa pili na kufunika tundu kwa stenti ndogo yenye kitambaa. Asubuhi bibi alikuwa anaomba uji.

Binti yule alimwokoa kwa kuandika namba na kuzilinganisha. Kila muuguzi mpya anayefika kwangu namweleza kisa hiki. Namfundisha aguse unyayo na kutafuta mapigo mawili, la juu ya wayo na la nyuma ya kifundo cha ndani, na ayawekee alama kwa kalamu ili wa zamu inayofuata asitafute upya. Namwambia alinganishe rangi na joto la miguu yote miwili. Namwambia plasta kavu haijampa habari yoyote. Mguu unyooke, kichwa kisiinuke sana, kwa muda wa saa 4 hadi 6, na mgonjwa aelezwe kwa nini, kwa sababu asiyeelezwa atakunja goti mara tu utakapogeuka.

Narudi kwa kijana. Mama yake alikuwa nje kwenye benchi, na alinisubiri akiwa amesimama.

"Sista, mwanangu anavuja damu tumboni, ninyi mnamchoma sindano pajani. Mbona hamjampasua? Au daktari wa kupasua hayupo?"

Hakuwa na hasira. Alikuwa anaogopa kwamba tumempa mwanawe matibabu madogo kwa sababu hatukumwona wa maana. Nilikaa naye. Nikachora mti nyuma ya fomu, shina na matawi, nikaweka alama palipokatika. "Mama, daktari wa kupasua yupo, na amemwona. Tumefuata tawi kwa ndani tukaliziba hapa. Likikataa, au likivuja jingine, atapasuliwa na wengu utatolewa, na hilo likitokea usidhani tumekosea mwanzo. Ndiyo maana hatutamwacha aende kesho." Aliuliza kama anaweza kuichukua ile karatasi. Nikampa.

CT ya siku ya 3 ilikuwa safi. Siku ya 5 akaruhusiwa, baada ya kunisumbua kila asubuhi. Nilimkalisha, nikamwambia yale ninayowaambia wote wa wengu: asibebe kizito, asicheze mpira, asipande pikipiki mpaka daktari aseme, na hiyo ni wiki kadhaa, pengine miezi. Kisha nikamgusa bega la kushoto. "Hili likianza kuuma bila kugongwa, hata kama tumbo haliumi, usilale nalo. Njoo." Damu inayojikusanya chini ya kiwambo cha mbavu upande wa kushoto huuma begani, na watu huchua bega kwa mafuta wakidhani wamelalia vibaya. Alitikisa kichwa kama vijana wanavyotikisa. Sikuwa na uhakika kwamba amesikia.

Siku ya 9 alfajiri nilikuta kitanda cha magurudumu mlangoni. Alikuwa yeye, mkono wa kulia umeshika bega la kushoto, mama yake nyuma na ile karatasi ya mti imekunjwa mkononi.

"Sista, uliniambia bega."

Presha 118, na ilikuwa yake. Hakuwa ametiwa hata tone. Picha ilionyesha kifuko cha damu kwenye tawi jingine la wengu, ukuta wa mshipa umetuna, damu ikizunguka ndani, na damu kidogo ilikuwa imeshaanza kuchuruzika kuuzunguka wengu. Safari hii daktari aliamua kuziba shina. Mpasuaji alikuja akasimama nasi mpaka mwisho, seti yake ikiwa tayari chumba cha pili. Haikuhitajika. Nilibana upande wa kushoto dakika 15 nikiitazama saa ileile.

Hakuniuliza kitu. Nilipomaliza kuweka plasta na kugeuka kuchukua kalamu ya kuwekea alama kwenye wayo, alikuwa amekwisha unyoosha mguu mwenyewe na kuweka kichwa chini.